Kutetea programu za watoto katika bajeti ya jimbo nchini Marekani: uchague njia ipi, na uanze lini

Asiyekuwepo na lake halipo, na msemo huo hutimia waziwazi katika ukumbi wa bunge la jimbo nchini Marekani wakati fedha zinapogawanywa. Wakandarasi wa barabara wapo, hospitali zipo, vyuo vikuu vipo, vyama vya askari magereza vipo. Mtoto wa miaka minne, ambaye hatapiga kura mpaka atimize miaka 18, hayupo. Anayetaka kumsemea ana njia kadhaa mbele yake, na kwa kuwa mzazi, mwendesha kituo cha malezi au shirika dogo halina muda wala fedha za kuzifuata zote kwa pamoja, itambidi achague.

Jambo la kwanza la kujua ni mlango ambao fedha zinapitia, kwa sababu watetezi wengi hubisha mlango usio wao. Head Start, programu ya malezi na elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini iliyoanzishwa mwaka 1965, hupata fedha zake kutoka serikali kuu moja kwa moja hadi kwa mashirika yanayoiendesha mitaani, hivyo kumlilia mbunge wa jimbo kuhusu mgao huo ni kumchosha bure. Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, na CHIP, ile bima ya afya ya watoto iliyoundwa mwaka 1997, ni mali ya pande mbili: serikali kuu hulipa walau nusu ya gharama za huduma, na katika majimbo maskini hulipa zaidi ya nusu. Hapo mtetezi ana hoja ambayo mtetezi wa shule au magereza hana, kwamba kila dola ambayo jimbo linaipunguza kwenye programu hizo huondoka na dola nyingine moja au zaidi ya serikali kuu. Elimu ya awali, ruzuku za malezi, nyongeza ya mlo wa shule na huduma za watoto walio chini ya ulinzi wa jimbo hutegemea kwa kiasi kikubwa uamuzi wa jimbo lenyewe, na huko ndiko ushindani ulikokaza zaidi, kwa kuwa karibu kila jimbo hulazimika kisheria kusawazisha bajeti yake. Mwenye kuomba nyongeza bila kusema itatoka wapi anamwachia mbunge kazi ngumu, naye mbunge huiweka kando.

Kwenda idarani majira ya vuli, au bungeni majira ya machipuko

Majimbo mengi huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. New York huanza tarehe 1 Aprili, Texas tarehe 1 Septemba, Alabama na Michigan tarehe 1 Oktoba. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hizo utaona kwamba idara za jimbo huandika maombi yao kwa gavana miezi mingi kabla ya bunge kuketi. Huko California gavana hutakiwa kuwasilisha pendekezo lake kufikia tarehe 10 Januari, hulirekebisha katikati ya Mei, na bunge lina hadi tarehe 15 Juni kupitisha bajeti. Huko Texas bunge hufanya kikao chake cha kawaida katika miaka ya namba witiri tu, kwa siku zisizozidi 140, na hupitisha bajeti ya miaka miwili kwa mkupuo. Aliyekosa basi hilo husubiri miaka miwili kituoni.

Njia ya idara ni ya kimya. Unaandika barua kwa mkurugenzi wa programu, unaomba kukutana na maafisa wanaokadiria idadi ya watoto na gharama zao, unawapa takwimu za orodha ya wanaosubiri na mifano ya vituo vilivyofunga milango. Hakuna kamera wala makofi, na wafadhili wako hawatapata picha ya kuweka kwenye ripoti. Faida yake ni kwamba kifungu kilichokwisha kuingia katika pendekezo la gavana huanza safari kikiwa na mwenyewe. Atakayetaka kukiondoa ndiye atakayedaiwa sababu. Njia ya bunge ni kinyume chake: ina hadhara na ina msisimko, lakini programu ambayo haikutajwa na gavana hulazimika kumpokonya mwingine fungu lake ili nayo iingie.

Nina maoni makali kidogo kuhusu ile desturi ya mashirika kukodi mabasi, kuvaa fulana za rangi moja na kujaza ngazi za jengo la bunge kwa siku moja ya Machi au Aprili. Inajenga moyo wa wanachama, na hilo si dogo. Hata hivyo, mara nyingi huja wakati takwimu kubwa za bajeti zimekwisha kukaa mahali pake, na shirika linalotumia nguvu zake zote za mwaka kwa siku hiyo limechagua sherehe na kuacha kazi. Kama una watu wa kutosha kwa jambo moja tu, waende idarani mwezi wa Septemba.

Kumwona mbunge wako faraghani, au kutoa maoni mbele ya kamati

Hapa ndipo watu wengi husitasita, na jibu hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo kuliko wanavyodhani. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina wajumbe 400, kila mmoja akiwakilisha watu wapatao elfu tatu na mia kadhaa, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka. Mbunge wa huko huenda ni yule unayepanga naye foleni dukani, na ukimpigia simu atapokea mwenyewe. Seneti ya California ina wajumbe 40 tu, kila mmoja akiwa na eneo la watu wanaokaribia milioni moja. Huko utakutana na msaidizi wake, na usione ni dharau: msaidizi anayeshughulikia afya au elimu ndiye anayeandika ukurasa ambao mbunge ataushika mkononi akiingia kwenye kamati. Kumshawishi yeye barabara kunaweza kuzidi dakika tano za kupeana mkono na bosi wake.

Mkutano wa faragha hukupa nafasi ya kuulizwa maswali. Mbunge anaweza kukiri kwamba haelewi tofauti kati ya ruzuku ya malezi na elimu ya awali, jambo ambalo hangelisema mbele ya wenzake, nawe unaweza kumwambia ukweli usiopendeza, kwa mfano kwamba programu unayoitetea imechelewa kuajiri walimu na fedha za mwaka uliopita hazikutumika zote. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeujua mkutano huo ila nyinyi. Mbunge akikuahidi kisha akapiga kura kinyume, huna kumbukumbu ya kumwonyesha.

Maoni mbele ya kamati huingia katika kumbukumbu rasmi. Huko Nebraska, jimbo pekee lenye bunge la chumba kimoja, kila mswada hupewa kikao cha kusikiliza umma; katika majimbo mengi mengine mwenyekiti wa kamati ndiye mwenye kuamua mswada upi usikilizwe na upi ufe kabatini. Muda unaopewa kwa kawaida ni dakika mbili au tatu, na wasemaji wakiwa wengi mwenyekiti anaweza kuupunguza ukiwa tayari umesimama. Tangu janga la mwaka 2020 mabunge mengi huruhusu kusema kwa video, jambo lililowafaa sana wazazi walio mbali na makao makuu ya jimbo. Katika jimbo la Washington mtu anaweza hata kuandikisha kwenye tovuti ya bunge kwamba anaunga mkono au anapinga mswada bila kusema neno, na idadi hiyo huonekana kwa kamati.

Maoni yanayosikika hutaja namba ya mswada au jina la kifungu cha bajeti, kiasi kinachoombwa, familia moja inayoguswa, na kisha hunyamaza. Kabla ya kuyaandika, soma kwanza uchambuzi wa ofisi ya bunge inayoshughulikia fedha, pale ilipo. California ina ofisi ya namna hiyo tangu mwaka 1941, na wajumbe wa kamati huja wakiwa wamesoma maneno yake kuliko yako. Takwimu za watoto za kila jimbo hutolewa kila mwaka na mradi wa KIDS COUNT wa Annie E. Casey Foundation, nazo zina faida ya kuaminiwa na vyama vyote viwili kwa kiasi fulani.

Kuna tahadhari ambayo sioni ikitolewa mara kwa mara. Video na maandishi ya kamati hukaa hadharani miaka mingi baada ya mswada kusahauliwa. Mzazi anayeeleza ugonjwa wa mwanawe kwa jina anamwekea mtoto huyo kumbukumbu ambayo hakuiomba, na ambayo mwajiri au mwanafunzi mwenzake anaweza kuipata akiwa mkubwa. Simulia kisa, ficha jina, na kama kijana mwenyewe ndiye atakayesema, aambiwe kwanza kwamba maneno yake hayatafutika. Kwa familia ambazo hazina uraia au zina wasiwasi kuhusu hadhi yao ya uhamiaji, tofauti hii ndiyo inayoamua: sheria haidai uraia kwa mtu kuzungumza na mbunge wala kutoa maoni, lakini jina kwenye orodha ya hadharani si sawa na mazungumzo ofisini. Wengine humtuma mwalimu au daktari awasemee, na hilo linakubalika kabisa.

Kwa hiyo, kama unatafuta mbunge wa kukibeba kifungu chako, anza faraghani. Ukishampata, mjazie chumba cha kamati, kwa kuwa mbebaji wa hoja huhitaji kuwaonyesha wenzake kwamba hayuko peke yake. Kufuata mpangilio wa kinyume, kwa kumshtukiza mbunge hadharani na jambo ambalo hukumweleza ofisini, ni njia rahisi ya kupoteza rafiki.

Peke yako, au ndani ya muungano

Muungano una wachambuzi, unajua ratiba, na unaweza kuzuia programu za watoto zisiwindane zenyewe kwa zenyewe, hali ambayo wabunge wenye nia ya kupunguza matumizi huifurahia. Gharama yake ni kwamba kifungu chako kidogo, tuseme ziara za wauguzi kwa mama waliojifungua katika kata tatu za vijijini, kitawekwa nafasi ya tisa kwenye orodha ya mambo kumi. Kikundi chenye ombi moja la kiasi kidogo na mbunge mmoja aliye kwenye kamati ya matumizi kinaweza kufanikiwa peke yake. Kikundi kinachopinga punguzo la jumla hakiwezi, nacho kijiunge mapema.

Kuomba mgao wa kila mwaka, au chanzo maalumu cha fedha

Hili ndilo chaguo kubwa kuliko yote, na watetezi wengi hulifanya bila kujua kwamba wamelifanya. Mgao wa kawaida kutoka mfuko mkuu hupatikana kwa haraka, kwa kura ya kawaida ya bunge, na unaweza kuondolewa kwa haraka hiyohiyo. Hata usipoguswa, kuachwa palepale mwaka baada ya mwaka huku mishahara na kodi za majengo zikipanda ni kupunguzwa kwa jina jingine. Bandu bandu huisha gogo. Tazama TANF, msaada wa fedha kwa familia maskini: serikali kuu iliuwekea kiwango cha takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka ulipoanzishwa mwaka 1996, na kiwango hicho hakijawahi kufuata kupanda kwa bei.

Wengine ndiyo maana hutafuta kodi yenye jina la mtoto. Wapiga kura wa California walipitisha Proposition 10 mwaka 1998, wakiongeza senti 50 kwa kila pakiti ya sigara kwa ajili ya watoto wa hadi miaka mitano. Fedha zilikuja, na zimekuwa zikipungua kadiri watu wanavyoacha kuvuta. Habari njema kwa mapafu, habari mbaya kwa programu iliyojifunga kwenye moshi. Arizona ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2006. Mdororo wa uchumi ulipobana, bunge la jimbo liliwaomba wapiga kura mwaka 2010 waifute programu hiyo na kuziingiza fedha zake katika mfuko mkuu, nao wakakataa kwa takriban asilimia 70. Bunge lililazimika kuomba kwa sababu Arizona ina kinga ya kikatiba ya mwaka 1998 inayolizuia kuchezea sheria zilizopitishwa na wananchi. Katika jimbo lisilo na kinga ya namna hiyo, fungu hilo lingeweza kuchukuliwa usiku wa mwisho wa kikao.

New Mexico iligusa mfuko wake wa kudumu unaotokana na ardhi za jimbo, ambao hulishwa kwa sehemu kubwa na mafuta na gesi. Pendekezo la kuutumia kwa ajili ya watoto wadogo lilikwama bungeni kwa takriban miaka kumi, likapita mwaka 2021, na mwaka 2022 takriban asilimia 70 ya wapiga kura wakalikubali. Kila mwaka mfuko sasa hutoa asilimia 1.25 zaidi, sehemu kubwa ikienda kwa malezi na elimu ya awali na iliyobaki kwa shule za umma. Anayeusifu ushindi huo akumbuke muda uliotumika. Mtoto aliyekuwa chekechea kampeni ilipoanza alikuwa kijana ilipokwisha.

Colorado inatoa funzo la aina nyingine. Mwaka 2022 wapiga kura waliridhia mlo wa shule bila malipo kwa watoto wote, ukigharimiwa kwa kupunguza nafuu za kodi kwa wenye kipato cha dola 300,000 na zaidi. Watoto wakala kuliko ilivyokadiriwa, fedha hazikutosha, na suala likarudishwa kwa wapiga kura mwezi wa Novemba 2025. Chanzo kilichofungwa na kura hakiongezeki kwa sababu mbunge ameguswa na kisa chako.

Kuna njia ya tatu, isiyozungumzwa sana, nami ndiyo ninayoipendelea pale inapowezekana: kuiingiza programu ndani ya kanuni ambayo tayari hulipa. Oklahoma, mwaka 1998, iliwahesabu watoto wa miaka minne ndani ya kanuni ileile inayogawa fedha za shule kwa wilaya zote. Tangu hapo elimu yao ya awali haikusimama tena kama mstari peke yake, rahisi kuonekana na rahisi kufutwa. Anayetaka kuigusa hugusa shule nzima. Kampeni ya namna hii haina wimbo wala bango zuri, na huhitaji mtu anayesoma lugha ya sheria kwa subira, lakini huacha kitu kinachodumu.

Bunge pia linaweza kuunda chanzo lenyewe. Vermont ilifanya hivyo mwaka 2023 kwa kodi ya asilimia 0.44 ya mishahara kwa ajili ya malezi ya watoto, na ilibidi bunge liishinde kura ya turufu ya gavana. Kura za kuishinda turufu haziokotwi siku hiyo. Zilitokana na wabunge wa vyama mbalimbali waliokwisha kuelezwa hesabu hizo katika maeneo yao, na waajiri waliosema hadharani kwamba wanapoteza wafanyakazi kwa kukosa mahali pa kuacha watoto.

Kura ya wananchi hupatikana kwa takriban nusu ya majimbo tu pale inapoanzishwa na saini za umma. Kwingine, kama New Mexico, ni lazima bunge lenyewe lipeleke suala hilo. Ni njia ya wenye fedha nyingi, na ni raia tu wanaoipigia kura katika ngazi ya jimbo. Kikundi cha wazazi wahamiaji ambao wengi hawajapata uraia kinaweza kubisha milango, lakini nguvu yake halisi iko kwenye kamati na ofisini.

Mipaka ya shirika lenye msamaha wa kodi

Mashirika mengi madogo huogopa njia zote hizi kwa kudhani sheria inawakataza. Haiwakatazi. Shirika la hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya serikali kuu haliruhusiwi kabisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea, ila linaruhusiwa kushawishi kuhusu miswada kwa kiasi. Likijaza fomu fupi ya kuchagua utaratibu wa 501(h), uliowekwa mwaka 1976, kiasi hicho huwa namba inayojulikana: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake ya hisani, kisha viwango vinavyopungua, hadi kikomo cha dola milioni 1. Shirika linalotumia dola 300,000 kwa mwaka linaweza kutumia hadi 60,000 kwa ushawishi, na robo ya hizo, yaani 15,000, kuwahimiza wananchi wengine wawapigie wabunge simu. Kampeni ya kura ya wananchi kuhusu sheria huhesabiwa kama ushawishi wa moja kwa moja, kwa kuwa mpiga kura hapo ndiye mtunga sheria. Kazi ya wanaojitolea bila malipo haihesabiwi, na hapo ndipo shirika maskini lilipo tajiri. Kanuni za kujiandikisha kama mshawishi hutofautiana kwa kila jimbo. Zisomwe kabla ya mtu kulipwa kwa kazi hiyo.

Unapoomba: fedha za mara moja, au za kudumu

Mbunge atakuuliza swali hili, na ni vema uwe na jibu. Mwaka 2021 Kongresi ilitoa takriban dola bilioni 24 kuviokoa vituo vya malezi, nazo zikakoma tarehe 30 Septemba 2023. Majimbo yakabaki na uamuzi wa kuziba pengo au kuangalia vituo vikifunga. Fedha za mara moja zinafaa kwa majengo, mafunzo na mitambo. Zikitumika kwa mishahara ya walimu, unajipangia tarehe ya maumivu. Miaka ijayo swali hilo litazidi ukali, kwa kuwa sheria ya shirikisho iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaongeza sehemu ya majimbo katika gharama za kuendesha msaada wa chakula wa SNAP kutoka asilimia 50 hadi 75 kuanzia mwaka wa fedha 2027, na kuanzia 2028 majimbo yenye viwango vikubwa vya makosa ya malipo yataanza kuchangia hata msaada wenyewe. Dola hizo zitatafutwa katika mfuko uleule unaolipia elimu ya awali.

Bajeti ikishapita, bado magavana wengi wana uwezo wa kukata kifungu kimoja bila kuirudisha bajeti nzima, na idara inaweza kuchelewesha matumizi mapato yakishuka katikati ya mwaka. Mtu mmoja katika kikundi apewe kazi ya kufuatilia wiki hizo, akiwa na namba ya simu ya ofisi ya bajeti ya gavana na barua ya shukrani kwa mbunge aliyekibeba kifungu, ambayo ni vema ifike kabla ya vuli, wakati idara zinapoanza tena kuandika maombi yao.